Hukumu Bila Kesi: Utatuzi wa Migogoro ya Wahariri wa Wikipedia kuhusu Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna migogoro ya maudhui baina ya wahariri wa kujitolea wa Wikipedia inavyotatuliwa, kwa kuzingatia mada za Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda. Inadaiwa humu kwamba utaratibu uliobuniwa katika toleo la Kiingereza, lenye wahariri wengi na vyanzo tele, hautendi haki kwa kiwango kilekile unapofika mahali penye vyanzo vichache ambavyo aghalabu hunukuliana. Katika toleo la Kiswahili tatizo huongezeka, kwa kuwa makala hutafsiriwa pamoja na hitimisho lake ilhali mjadala uliozaa hitimisho hilo huachwa nyuma. Mifano inayochambuliwa ni majina ya Busia mbili, asili ya neno bodaboda, na historia ya mji wa Tororo. Mapendekezo yanaelekezwa kwa vyuo vikuu vya mpakani na kwa vyombo vya sera ya lugha vya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Utaratibu na mahali ulikozaliwa

Wikipedia ilianza kwa Kiingereza Januari 2001, na toleo la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Msingi wake unafahamika: yeyote aweza kuhariri, na kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa pamoja na jina la akaunti ya aliyelifanya. Katika mpango wa namna hiyo mgogoro hauepukiki, na waasisi hawakukusudia kuuepuka. Waliuwekea mahali pake. Kila makala ina ukurasa wa majadiliano ulioambatishwa nayo, na wasioafikiana hutakiwa kuongea hapo kabla ya kutenguana. Wakishindwa, toleo la Kiingereza lina ngazi za kupanda: maoni ya mtu wa tatu, wito wa maoni kwa jumuiya nzima, ubao wa kutatua migogoro, na juu kabisa Kamati ya Usuluhishi iliyoanza kazi mwaka 2004. Ipo pia kanuni mashuhuri ya matenguo matatu, inayomzuia mhariri kutengua kazi za wenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24.

Wanaousifu utaratibu huu, nao ni wengi katika maandishi ya utawala wa mitandao, husahau kwamba hakuna ngazi hata moja kati ya hizo yenye mamlaka ya kutamka lipi ni kweli. Kamati ya Usuluhishi huhukumu mwenendo wa wahariri: nani alitukana, nani alitengua kupita kiasi, nani alijifanya watu wawili. Maudhui huachiwa maafikiano, na maafikiano hupimwa kwa kanuni tatu, yaani kutoegemea upande, uthibitikaji, na katazo la utafiti asilia. Kwa maneno mengine, ugomvi juu ya jambo hugeuzwa kuwa ugomvi juu ya vyanzo vya jambo hilo. Anayeshinda ni yule mwenye kitabu.

Pasipo na uhaba wa vitabu, ugeuzaji huu ni wa busara kubwa. Mwaka 2005 wahariri wa Kiingereza walipiga kura kuhusu lini mji mmoja wa Bahari ya Baltiki uitwe Danzig na lini uitwe Gdańsk. Ugomvi ulikuwa mkali na wa muda mrefu, lakini hakuna upande uliokosa cha kunukuu: Wajerumani wana maktaba zao, Wapolandi wana zao, na karne kadhaa za hati zimo ndani yake. Kura ile iliamua tu namna ya kugawa majina kwa vipindi vya historia. Swali la makala haya ni kinachotokea kanuni hizohizo zinapovuka bahari hadi mji ambao maandishi yake mengi ni ripoti za maofisa wa kikoloni, takwimu za sensa, na habari za magazeti zilizoandikwa kwa haraka na waandishi waliokuwa safarini kwenda kwingine.

Busia mbili, wilaya zaidi ya moja

Mfano wa kwanza ni mwepesi, na unatosha kueleza tatizo la mpangilio. Wikipedia ya Kiingereza ina makala moja ya Busia ya Kenya na nyingine ya Busia ya Uganda. Kwa mtazamo wa utawala hakuna kasoro. Kwa mkazi wa hapo, hata hivyo, Busia ni mji mmoja uliopitiwa na mpaka. Familia za Wasamia na za Wateso zimesambaa pande zote mbili, soko hutegemea soko, na tangu Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili katika jengo moja. Mhariri anayetaka kuandika makala moja ya mji mmoja atakutana na hoja isiyojibika kirahisi: sensa huhesabu watu kwa nchi, na bajeti, uchaguzi na ramani hufuata mkondo huohuo. Vyanzo vimeshaugawa mji kabla mhariri hajafungua ukurasa.

Kwa Kiswahili utata ni mkubwa zaidi. Istilahi "Wilaya ya Busia" inaweza kumaanisha wilaya ya Kenya iliyoundwa mwaka 1963, ambayo katika miaka ya 1990 ilimegwa kuipa nafasi Wilaya ya Teso, na ambayo baada ya Katiba ya 2010 imekuwa Kaunti ya Busia, Teso ikirejea ndani yake kama Teso Kaskazini na Teso Kusini. Inaweza pia kumaanisha wilaya ya Uganda iliyokatwa kutoka Tororo mwaka 1997. Tororo yenyewe ilimegwa tena mwaka 2005 kwa kuundwa kwa Butaleja. Kwa hiyo takwimu yoyote ya "Tororo" iliyochapishwa kabla ya 1997 inajumuisha watu wa Busia ya Uganda, na ikinukuliwa leo bila tahadhari huwapa Watororo majirani ambao si wakazi wa wilaya yao tena. Wahariri wawili wanaweza kutenguana kwa nia njema, kila mmoja akiwa na kitabu halali cha serikali mkononi, na wote wawili wakawa sahihi kwa mwaka wa kitabu chake. Kanuni ya uthibitikaji haiwasaidii. Msaada uko kwa mtu anayejua historia ya mipaka ya utawala, naye mara nyingi ni mwalimu mstaafu au karani wa zamani wa wilaya, ambaye hayumo miongoni mwa wahariri.

Bodaboda

Mfano wa pili unawahusu wanaisimu moja kwa moja. Inasimuliwa kote Afrika Mashariki kwamba neno bodaboda lilizaliwa Busia. Katika miaka ya 1960, wapanda baiskeli walikuwa wakiwavusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha vilivyoachana kwa umbali usiopendeza kwa mtembeaji mwenye gunia, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza "border". Simulizi hii imo katika ripoti za wataalamu wa uchukuzi za miaka ya 1990 na 2000, imo magazetini, na imo katika Wikipedia, ambayo huweka chimbuko hilo upande wa Uganda. Waambie hivyo watu wa Malaba, kilomita chache kaskazini, ambako reli na malori hupita, nao watadai kwamba jambo lilianzia kwao. Waambie Wakenya wa Busia, nao watauliza baiskeli hizo zilikuwa zikinunuliwa wapi.

Haya si mashindano ya kitoto. Bodaboda ni chanzo cha riziki cha vijana wengi, ni sekta inayotungiwa sheria Nairobi na Kampala, na ni mojawapo ya maneno machache ya Kiswahili cha sasa ambayo wasemaji wanaweza kutaja mahali lilikozaliwa. Mji usio na kasri wala mnara una haki ya kujivunia neno.

Tuseme mhariri wa Malaba anaibadili sentensi, na mhariri wa Busia anaitengua. Katika ukurasa wa majadiliano mmoja analeta ripoti ya uchukuzi. Mwingine ana babu aliyekuwa na baiskeli, na babu si chanzo. Mhariri wa Busia ameshinda, na kwa kanuni zilizopo ameshinda kihalali. Hata hivyo ikifuatiliwa ripoti ilikopata habari yake, itaonekana kwamba mtaalamu wa uchukuzi alikuja kupima uwezo wa baiskeli kusafirisha watu wa kipato cha chini. Suala la etimolojia lilimpitia kama kisa cha kuchangamsha utangulizi, na lazima alisimuliwa na mtu. Babu wa Busia, kwa lugha nyingine, amekubaliwa kuwa chanzo kwa sababu alizungumza na mgeni mwenye kalamu. Babu wa Malaba alizungumza na mjukuu wake. Baadaye mwandishi wa gazeti husoma Wikipedia, huandika kisa kilekile bila kutaja alikokipata, na gazeti lake huongezwa katika makala ya Wikipedia kama chanzo cha pili kinachojitegemea. Mduara hufungwa, na uzito wa ushahidi huonekana umeongezeka maradufu ilhali hakuna aliyeuliza swali jipya.

Zaidi ya hayo, simulizi iliyozoeleka ina udhaifu wa kiisimu ambao haujashughulikiwa. Hufafanuliwa kwamba bodaboda ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kutoka mpaka hadi mpaka". Lakini Busia ina mpaka mmoja. Kilichokuwa kiwili ni vituo. Ufafanuzi wenye mashiko zaidi unapatikana katika desturi ya wapiga debe wa stendi zote za kanda hii, ambao hutaja mwisho wa safari mara mbili au zaidi kwa mkupuo ili kunasa sikio la abiria. "Boda, boda" ni mwito wa aina hiyo, na uradidi wake ni wa Kibantu na wa mtaani kabla haujawa wa Kiingereza. Hoja hii ikiingizwa leo katika Wikipedia itaondolewa kesho kwa kuwa ni utafiti asilia, na atakayeiondoa atakuwa ametii kanuni. Ikishachapishwa katika juzuu la mada za kongamano itakuwa chanzo kinachonukulika, ingawa haitakuwa imeongezeka ukweli hata chembe kwa kupigwa chapa. Wasomi wenye mazoea ya kuidharau Wikipedia wangefaa kutafakari kwamba mlango wa kuingilia humo wameushika wao wenyewe.

Tororo na vitabu vyake

Mfano wa tatu si mwepesi. Kwa miaka mingi Wateso wa kaunti ya Tororo wamekuwa wakidai wilaya yao, na Wajopadhola wamekuwa wakipinga mji wa Tororo kuwekwa ndani ya wilaya hiyo mpya. Suala limefika kwenye Baraza la Mawaziri na Ikulu ya Uganda zaidi ya mara moja bila kupata suluhu inayoridhisha pande zote. Nguzo ya madai ya kila upande ni historia: nani alifika kwanza, na mwamba mkubwa unaousimamia mji huo uko katika ardhi ya nani. Katika hali hiyo sentensi moja ya ensaiklopidia inayosema kwamba Tororo "ni mji wa" watu fulani hubeba uzito ambao mwandishi wake, pengine mwanafunzi wa Dar es Salaam anayefanya zoezi la kutafsiri, hakuukusudia.

Tazama basi rafu ya vitabu. Kuhusu Padhola kuna kazi ya Bethwell Ogot, History of the Southern Luo, ya mwaka 1967, iliyojengwa kwa simulizi za wazee alizozikusanya katika zama ambazo wanahistoria wengi wa Ulaya hawakuamini kwamba jamii zisizo na maandishi zinaweza kuandikiwa historia ya karne kadhaa. Kuhusu Wateso kuna The Iteso cha J. C. D. Lawrance, cha mwaka 1957, kilichoandikwa na ofisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa akiutazama zaidi uwanda wa Teso wa kaskazini. Kuna pia kazi ya mwanaanthropolojia Ivan Karp ya 1978, nayo inawahusu Wateso wa Kenya. Wateso wa Tororo wako katikati ya vitabu hivi viwili bila kuwa kiini cha chochote. Kanuni ya kutoegemea upande, jinsi inavyotekelezwa, huagiza kila mtazamo upewe nafasi kulingana na uzito wake katika vyanzo vya kuaminika. Mhariri mwadilifu kabisa, asiye Mteso wala Mjopadhola, akiifuata kanuni hiyo kwa unyoofu, ataandika makala inayoegemea upande mmoja.

Hapa ndipo ukinzani wa ndani wa utaratibu unapojidhihirisha. Kitabu cha Ogot kinakubalika na Wikipedia, na ni haki kikubalike. Lakini kilichomo ni ushuhuda wa mdomo, uliohojiwa, uliolinganishwa, ukapigwa chapa. Ikiwa ushuhuda wa wazee wa Padhola wa miaka ya 1950 na 1960 ni maarifa, basi ushuhuda wa wazee wa Mukuju na Malaba wa leo haupungukiwi na chochote kwa asili yake. Umepungukiwa na Ogot wake. Tofauti baina ya hizo mbili ni ya bahati ya kitaaluma, na utaratibu wa kutatua migogoro huichukulia kana kwamba ni tofauti ya ukweli.

Majina yenyewe yana kesi zao. Hati za kikoloni huwaita Wajopadhola "Badama" na nchi yao "Budama", na jina Budama limedumu katika kaunti za utawala hadi leo. Eneo zima liliitwa Bukedi, jina lililotokana na Waganda kuwaita majirani hao watu wa uchi. Kichwa cha kitabu cha Lawrance kinawataja Wateso kuwa kabila la "Kinilo-Hamiti", kundi ambalo isimu linganishi ililiacha tangu uainishaji wa Greenberg wa mwaka 1963. Mhariri anayeondoa maneno haya huweza kurudishiwa na mwenzake kwa hoja kwamba ndivyo chanzo kisemavyo. Chanzo ndivyo kisemavyo, ni kweli. Usomaji wa vyanzo kwa tarehe na nia zake ni stadi ya mwanahistoria, na kanuni za uhariri haziwezi kumpatia mtu stadi hiyo kwa kumpa orodha ya hatua za kufuata.

Ulinganisho na kisiwa cha Migingo, ndani ya Ziwa Victoria, unafaa. Kenya na Uganda zilipokigombania waziwazi mwaka 2009, magazeti ya nchi zote mbili yaliandika, mawaziri walisema, na wapimaji walitumwa. Mhariri wa ensaiklopidia alikuta pande mbili zilizokwisha kuwekwa kwenye karatasi, na kuandika kwamba kisiwa kinadaiwa na nchi zote mbili hakukumhitaji ujasiri. Dola zikigombana hutoa vyanzo. Vijiji vikigombana hutoa vikao, na vikao havina kumbukumbu zilizochapishwa.

Kinachotafsiriwa na kinachoachwa

Hadi hapa uhakiki umehusu zaidi toleo la Kiingereza, kwa sababu ndilo linalotatua. Toleo la Kiswahili lina kurasa za majadiliano kama lile, lina wakabidhi wenye uwezo wa kufunga kurasa na kuzuia watumiaji, na lina ukurasa wa jumuiya wa kujadili mambo ya jumla. Lisilokuwa nalo ni umati. Wakabidhi ni wachache, wamefanya kazi ya miaka mingi bila malipo, na mara nyingi mwandishi mkuu wa makala, msahihishaji wake na mwenye mamlaka ya kuifunga ni mtu yuleyule. Hakuna anayestahili lawama kwa hilo. Hata hivyo historia ya matoleo mengine inatahadharisha: mwaka 2021 Wakfu wa Wikimedia ulichapisha tathmini iliyoonyesha jinsi kundi dogo la wakabidhi lilivyoitawala Wikipedia ya Kikroatia kwa takriban muongo mmoja na kupotosha historia ya nchi yao, na mwaka 2020 iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti iliandikwa na kijana wa Kimarekani asiyeijua lugha hiyo. Katika visa vyote viwili ngazi za usuluhishi zilikuwepo kwa jina. Waliokosekana ni wa kuzipanda.

Makala mengi ya Kiswahili kuhusu mahali na watu huanza kama tafsiri ya Kiingereza. Tangu mwaka 2015 kuna zana ya kutafsiri ndani ya Wikipedia yenyewe, ambayo huweka makala mbili bega kwa bega na kuhamisha matini, picha na marejeleo. Katika muhtasari wa badiliko la kwanza huachwa kiungo cha makala ya asili. Ukurasa wa majadiliano hauhamishwi. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili wa makala kuhusu Tororo au bodaboda hupewa sentensi iliyopatikana baada ya mabishano, bila alama yoyote kwamba palikuwa na mabishano. Hupewa hukumu bila kesi. Akienda kwenye ukurasa wa majadiliano wa Kiswahili atakuta mtupu, na utupu huo, kwa kanuni ya ensaiklopidia inayochukulia kwamba andiko lisilopingwa limekubaliwa, huhesabiwa kuwa maafikiano. Waswahili walishalisemea: msema pweke hakosi.

Hatari hii si ya nadharia tu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini wa Uganda, ulioanza kutekelezwa mwaka 2020, umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mwanafunzi wa Nagongera atatafuta habari za kwao kwa Kiswahili. Atakachokipata ni tafsiri ya Kiingereza ya kile ambacho ofisa, mtaalamu wa uchukuzi au mwanahistoria alisimuliwa na jirani wa babu yake.

Jitihada za nje za kukuza toleo hili zimekuwa na kasoro ya namna hiyohiyo. Shindano la Google la 2009 na 2010 liliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania na kuongeza makala kwa mamia, lakini lilipokwisha wengi wao hawakurudi. Lilipima makala. Halikupima iwapo kuna mtu aliyebaki kujibu swali katika ukurasa wa majadiliano, na ensaiklopidia isiyo na wa kujibu haiwezi kutatua mgogoro hata ikiwa na kanuni bora duniani.

Yanayowezekana mpakani

Pendekezo la kwanza ni la kihariri na halihitaji fedha. Jumuiya ya Wikipedia ya Kiswahili inaweza kuweka desturi kwamba kila anayetafsiri makala yenye mgogoro unaojulikana aandike katika ukurasa wa majadiliano aya chache za Kiswahili: nini kilibishaniwa katika toleo la asili, kwa vyanzo gani, na upande upi uliridhia. Hii ni kazi ya dakika thelathini kwa mtu anayesoma lugha zote mbili. Desturi hiyo ingewapa wasomaji wa Busia na Tororo mahali pa kuanzia kupinga, na kupinga ndiko kunakoleta wahariri wapya. Ukurasa mtupu haumwaliki mtu.

La pili linahusu ushuhuda wa mdomo. Mwaka 2011 mradi uliofadhiliwa na Wakfu wa Wikimedia nchini India na Afrika Kusini ulijaribu kutumia mahojiano yaliyorekodiwa kama marejeleo ya makala. Wahariri wengi wa Kiingereza hawakuridhika, wakihoji nani atathibitisha kwamba mzee alisema kweli. Hofu yao ina msingi, hasa Tororo, ambako ushuhuda wa historia ni silaha ya madai ya ardhi. Jibu la hofu hiyo linajulikana tangu Ogot: ushuhuda hulinganishwa na ushuhuda, wa upande wa pili ukiwemo, na msomaji huonyeshwa nani alisema nini, wapi, na lini. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na wahariri wa kujitolea ndani ya ensaiklopidia. Lazima ifanyike nje, na taasisi inayowajibika kwa inachochapisha.

Taasisi hizo zipo, na ziko mahali panapotakiwa. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina makao yake katika Wilaya ya Busia ya Uganda na kampasi Nagongera, ndani ya Tororo. Ng'ambo ya mpaka kipo Chuo Kikuu cha Alupe, katika Kaunti ya Busia, kilichopata hati yake mwaka 2022. Vyote viwili viko mwendo mfupi kutoka mji mmoja wenye majina mawili. Hifadhi ya pamoja ya simulizi, inayochapishwa kwa Kiswahili pamoja na matini ya asili katika Ateso, Dhopadhola au Lusamia, ikihaririwa na kamati yenye watu wa pande zote, ingekuwa chanzo halali kwa kanuni za Wikipedia zilizopo leo, bila kuomba msamaha wala kubadili hata kifungu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina kazi ya kuratibu utafiti wa lugha hii katika nchi wanachama. Ni vigumu kuona mradi unaoifaa zaidi kuliko huu, ambao nchi moja peke yake haiwezi kuufanya bila kushukiwa.

Kuna pingamizi kwamba hifadhi ya namna hiyo itawasha moto ambao ukimya umeuzuia, na washauri wa sera wa Kampala na Nairobi huenda wakaliegemea. Ukimya, hata hivyo, umekuwepo kwenye vitabu tu. Huko Tororo madai yamekuwa yakisemwa hadharani miaka yote. Kinachokosekana ni mahali ambapo dai la Mteso na dai la Mjopadhola yanaweza kusomwa katika kurasa zilezile, kwa lugha ambayo si ya upande wowote kati yao, na ambayo wote wawili huitumia sokoni.

Kwa bodaboda muda ni mfupi zaidi. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 akipanda baiskeli kati ya vituo vya forodha mwaka 1965 alizaliwa mwaka 1945. Ikiwa yu hai, yuko Busia au Malaba au katika kijiji kilicho nyuma yake, na maswali ya kumuuliza yanajulikana: mlikuwa mkiitaje abiria, kutoka wapi hadi wapi, na nani mwingine alikuwepo. Mahojiano ya mchana mmoja, yaliyonakiliwa na kuchapishwa na chuo kilicho karibu, yangekuwa na uzito kuliko marejeleo yote yaliyopo sasa chini ya makala hiyo.